HOFU YA UZAZI WA KWANZA

Mwanamke kijana akishika mimba ya kwanza katika nchi ya Busia, iwe ni mjini Busia penyewe, au Malaba, au vijijini kwa Wateso, Wakhayo na Wasamia, hupewa pongezi nyingi na maelezo machache. Mama mkwe hufurahi, mume hujivuna, na majirani hutazama tumbo wakibashiri kama ni mvulana au msichana. Lakini mwenyewe usiku hulala macho wazi. Hujiuliza kama ataweza, na kama atapona. Hathubutu kumwuliza mtu, maana hudhani ya kwamba wanawake wote waliomtangulia walizaa bila kuogopa, naye peke yake ndiye mwoga.

Fikira hiyo si kweli. Mwaka 2017 wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walikadiria ya kwamba wajawazito kama 14 katika kila 100 wana hofu kubwa mno ya kuzaa, na ya kwamba hofu hiyo huwapata zaidi wale ambao hawajapata kuzaa. Hao ni wale ambao hofu yao imepita kiasi. Wenye hofu ya kawaida ni wengi zaidi. Basi kuogopa si aibu wala si upungufu wa akili. Somo hili laeleza jinsi ya kuishinda hofu hiyo, nalo lina neno moja kubwa: hofu iliyofichwa huleta hatari, bali hofu iliyosemwa mapema huwa mlinzi.

MFANO WA MALABA

Na uchukuliwe mfano wa mwanamke wa miaka 20 akaaye Malaba, si mbali na barabara ile ambayo malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kuingia Uganda. Mumewe ni utingo wa lori, huenda Mombasa na Kampala, na siku zake za kuwa nyumbani ni chache katika mwezi. Mwanamke huyu huuza nyanya na vitunguu. Alipokuwa na mimba ya miezi mitatu alisikia sokoni habari za mwanamke aliyekufa kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia neno la kliniki, kwa maana alifikiri ya kwamba asipoyataja mambo hayo hayatamfikia. Mwezi wa nne ukapita, na wa tano, na wa sita. Mama mkwe akaona ya kwamba kijana hali vizuri, akamwuliza usiku mmoja jikoni:

"Mwanangu, mbona huendi kliniki? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu, na ugali unaubakiza kila siku? Mimi nimezaa saba. Huyo wa kwanza nilimwogopa hata nikajificha shambani. Sema, mwanangu."

Ndipo kijana alipolia na kusema yote. Asubuhi yake wakaenda kliniki pamoja. Akapimwa, ikaonekana ya kwamba damu yake ni haba na ya kwamba ana malaria. Akapewa dawa na kuambiwa arudi. Kama angalikaa kimya mpaka siku ya kuzaa, angalifika siku hiyo na damu haba, na mwanamke mwenye damu haba akitokwa na damu hudhoofika upesi kuliko mwenzake. Jambo lile lile aliloliogopa ndilo alilokuwa akilikaribia. Hivyo ndivyo hofu iliyofichwa ifanyavyo: humkimbiza mtu kutoka penye msaada ikampeleka penye hatari.

HOFU HUFANYA KAZI GANI MWILINI

Daktari mmoja wa Uingereza, Grantly Dick-Read, alichapisha kitabu mwaka 1933 akieleza jinsi hofu inavyohusiana na uchungu wa kuzaa. Alisema ya kwamba hofu hukaza misuli, misuli iliyokazwa huongeza maumivu, na maumivu nayo huongeza hofu, mpaka mwanamke akawa kama mtu azungukaye katika duara asipate mlango. Madaktari wa leo hawakubali yote aliyoyasema, kwa kuwa uchungu wa kuzaa ni uchungu kweli hata kwa mwanamke asiyeogopa. Lakini jambo hili moja limebaki: mtu aogopapo, mwili wake hutoa vichocheo vya kumtayarisha kukimbia au kupigana. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, mabega na taya hukaza, na kazi ya tumbo la uzazi yaweza kupungua nguvu na kukawia.

Kwa hiyo kumtuliza mzazi si kumbembeleza tu. Ni sehemu ya matibabu yake, sawasawa na maji safi na mikono iliyonawiwa.

SAFARI YA UCHUNGU

Giza huogopesha kwa sababu mtu haoni kilichomo. Mwanamke akijua mambo yatakayomjia, na kwa mpango gani, nusu ya giza huondoka.

Tumbo la uzazi ni msuli mkubwa. Wakati wa kuzaa hujikunja na kulegea, kisha hujikunja tena. Kila linapojikunja huuvuta mlango wa kizazi ufunguke. Safari yenyewe ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kufunguka kwa mlango mpaka kufikia sentimeta 10. Mwanzo wake huwa wa polepole. Uchungu huja na kukatika, na mwanamke aweza kutembea, kunywa uji na kuzungumza. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2018 ya kwamba uchungu wenye nguvu huhesabiwa tangu mlango ufikapo sentimeta 5, na ya kwamba kwa azaaye mara ya kwanza, kutoka hapo mpaka mlango kufunguka wote, kwa kawaida hazipiti saa 12.

Sehemu ya pili ni kusukuma mtoto. Kwa mzazi wa kwanza sehemu hii kwa kawaida huisha kabla ya saa tatu kutimia, na wengi humaliza mapema zaidi. Mwanamke hana haja ya kusukuma kabla ya mwili wenyewe kumhimiza, wala kabla mkunga hajahakikisha ya kwamba mlango umefunguka wote.

Sehemu ya tatu ni kutoka kwa kondo la nyuma. Mtoto akiisha kuzaliwa, mama hupigwa sindano ya kulikaza tumbo la uzazi ili damu isitoke kwa wingi. Sindano hii ni ndogo, lakini kazi yake ni kubwa, na mwanamke yafaa aijue ili asiikatae kwa kuogopa.

Jambo la kukumbuka zaidi ni hili: uchungu hauji mfululizo, bali huja kama mawimbi. Wavuvi wa Port Victoria na Sio Port wajua ya kwamba mwenye mtumbwi hapigani na wimbi. Huliacha limwinue, limpitishe, kisha hupumzika kabla halijaja jingine. Mzazi naye afanye vivyo hivyo. Wimbi likija, avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa mdomo, alegeze mabega na taya, asifunge ngumi. Likipita, apumzike kabisa, anywe maji, wala asianze kuliogopa lile ambalo bado halijaja. Kutembea, kupiga magoti, au kuinama akishika kitanda humsaidia. Si lazima alale chali saa zote. Mazoezi haya ya pumzi yaanzwe nyumbani tangu mwezi wa saba, dakika chache kila jioni, ili siku ile yasiwe mageni.

MTU WA KUKAA NAYE

Dawa mojawapo ya hofu ambayo haihitaji fedha ni mtu. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya majaribio 26 yaliyowahusu wanawake zaidi ya 15,000. Yalionyesha ya kwamba mwanamke mwenye mtu wa kukaa naye tangu mwanzo wa uchungu mpaka mwisho huzaa kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na mara chache zaidi huhitaji kupasuliwa. Shirika la Afya Duniani lashauri ya kwamba kila mzazi awe na mwenzi amtakaye mwenyewe.

Mwenzi huyo aweza kuwa mama mzazi, dada, shangazi, mama mkwe, au mume. Kazi yake si kutoa amri wala kusimulia habari za waliokufa. Kazi yake ni kushika mkono, kupangusa jasho, kusugua kiuno, kuleta maji na kusema maneno mema. Yafaa aulizwe mapema, na hospitali nayo iulizwe mapema kama humruhusu kuingia.

Hapa mpakani jambo hili lahitaji kufikiriwa zaidi. Mwaka 1902 Serikali ya Kiingereza ilipolihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, Wateso walijikuta pande mbili, na hata leo ndoa nyingi huvuka mpaka. Mwanamke aliyeolewa Malaba huenda mama yake yuko Tororo. Ikiwa ndiye amtakaye siku ile, na aje wiki mbili au tatu kabla ya siku kutimia, wala asingojwe mpaka uchungu uanze.

Na mkunga wa jadi je? Wazee hawa wameshika mikono ya wazazi wengi, na utulivu wao ni hazina. Lakini hawana sindano ya kuzuia damu, wala damu ya kumwongeza mgonjwa. Basi mahali pao pazuri ni kuwa mwenzi wa mzazi na kumfikisha hospitali. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu zisinywewe kamwe, kwa sababu zaweza kulikaza tumbo la uzazi kupita kiasi, hata likapasuka au mtoto akakosa hewa.

HOFU YA DAMU NA HOFU YA KISU

Hofu ya kufa isijibiwe kwa kicheko. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya wa mwaka 2014 ulikadiria ya kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wanawake 362 walikufa kwa mambo ya uzazi. Hesabu hiyo ni kubwa mno, na kila mmoja alikuwa binti ya mtu. Lakini hesabu hiyo hiyo yaonyesha ya kwamba wazazi walio wengi sana hupona. Tena wengi wa wale waliokufa wangaliweza kuokolewa kama msaada ungalifika mapema.

Kutokwa na damu ndiko kunakoua zaidi, na hapo ndipo elimu imepiga hatua. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walitandika chini ya mzazi karatasi ya nailoni yenye alama za kupimia damu. Damu ilipofika alama ya hatari, matibabu yote yalitolewa pamoja bila kungoja. Damu nyingi ya kuhatarisha maisha, pamoja na upasuaji na vifo viletwavyo nayo, ilipungua kwa 60 katika 100. Jambo hili haliwezekani sakafuni nyumbani penye taa ya koroboi. Wakenya wengi wamekwisha kulifahamu: mwaka 2014 watoto 61 katika kila 100 walizaliwa hospitalini au katika vituo vya afya, mwaka 2022 walikuwa 82.

Kuhusu kupasuliwa, wanawake wengine huamini ya kwamba aingiaye hospitali hupasuliwa bila sababu, na ya kwamba aliyepasuliwa si mwanamke kamili. Upasuaji hufanywa mtoto akikaa vibaya, au njia ikiwa nyembamba, au damu ikitoka, au mtoto akichoka. Mwanamke ana haki ya kuelezwa sababu kabla ya kutia sahihi. Aliyezaa kwa kisu amezaa; na wengi wao mimba ya pili huzaa kwa njia ya kawaida, daktari akiona inafaa.

HOFU YA MANENO MAKALI

Iko hofu nyingine ambayo husemwa kwa kunong'ona, nayo ni hofu ya kufokewa au kupigwa na wauguzi. Hofu hii haikutoka hewani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, uliofanywa katika vituo 13 vya Kenya, ulionyesha ya kwamba mwanamke mmoja katika kila watano alisema alitendewa pasipo heshima. Lakini sheria haikukaa kimya. Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya matibabu, pamoja na ya uzazi, na haki ya kuheshimiwa utu wake. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Bungoma, kaunti jirani, iliamua ya kwamba mwanamke aliyezaa sakafuni na kupigwa na wauguzi alivunjiwa haki zake, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5.

Basi mwanamke asiikimbie hospitali kwa sababu hiyo. Aende kliniki mapema ajuane na wauguzi, amfahamu yule mpole, naye afahamike kwa jina. Akimwambia, "Sista, hii ni mimba yangu ya kwanza, nami ninaogopa," muuguzi mwema atajua mahali pa kuanzia. Mwenzi aliye kando ya kitanda naye ni shahidi, na penye shahidi maneno makali hupungua.

MATAYARISHO YA NYUMBANI

Mikono yenye kazi haina nafasi ya kutetemeka. Haya ndiyo mambo ya kutayarisha:

1. Kliniki. Mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Kwa jumla mara nane mpaka kuzaa, kama lishaurivyo Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016. Busia ni nchi ya malaria, kwa hiyo chandarua chenye dawa kitumiwe kila usiku, na vidonge vya kuzuia malaria vimezwe kliniki tangu mwezi wa nne kama muuguzi atakavyoagiza. Vidonge vya kuongeza damu visitupwe. Kipimo cha Ukimwi kisiogopwe: mama mwenye virusi akitumia dawa vizuri, hatari ya kumwambukiza mtoto yaweza kushuka chini ya 5 katika 100.

2. Mahali. Mume na mke wachague mapema: Hospitali ya Rufaa ya Busia, au Alupe, au Kocholya kwa watu wa Malaba na Amagoro, au kituo kilicho karibu. Mwanamke aliyehudhuria kliniki upande wa Uganda achukue kadi yake avukapo, ili wauguzi wa upande huu wajue habari zake.

3. Chombo cha safari. Inasimuliwa ya kwamba boda boda ilipata jina lake papa hapa mpakani, pale baiskeli zilipokuwa zikibeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka mpaka kingine. Leo ni pikipiki, nayo hupenya penye foleni ya malori ambapo gari hushindwa. Lakini mwanamke mwenye uchungu hafai kutafuta pikipiki usiku wa manane. Mwendeshaji mmoja mwaminifu aambiwe mapema, nambari yake ya simu iandikwe, na mwingine wa akiba awepo. Mgonjwa atokaye damu au aliyeishiwa nguvu atafutiwe gari.

4. Fedha. Ada ya kuzaa katika hospitali za Serikali ilifutwa tarehe 1 Juni 2013, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama. Tangu Oktoba 2024 malipo hayo yamo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kwa hiyo wote wawili wajiandikishe na kulipa michango mapema, si siku ya uchungu. Fedha kidogo za safari ziwekwe mahali ambapo mama mkwe anapajua, mume asipokuwepo.

5. Mfuko. Kitabu cha kliniki, kitambulisho, khanga mbili au tatu safi, nguo za mtoto, sabuni, na vitambaa vya damu.

HOFU IKIZIDI

Wako ambao hofu yao haipungui hata wakielezwa. Hawalali, moyo huwapiga, au hutamani mimba isiwepo. Wengine walitendwa kwa nguvu zamani, na kuguswa huwarudishia mambo hayo. Wataalamu huiita hali hii tokofobia, nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Mwanamke huyo asikemewe wala asiambiwe ajikaze. Apelekwe kwa muuguzi au daktari aeleze faraghani. Na akisema ana mawazo ya kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo.

DALILI ZA KWENDA HOSPITALI BILA KUNGOJA

Kutokwa na damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kifafa, homa, chupa kupasuka bila uchungu, mtoto kuacha kucheza, uchungu kupita saa 12. Dalili moja yatosha. Asingojwe mume arudi safari, wala ruhusa ya mzee.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA NYUMBANI NA KATIKA VYAMA VYA WANAWAKE

1. Kwa nini hofu iliyofichwa ni hatari kuliko hofu iliyosemwa?

2. Sehemu tatu za uchungu ni zipi, na sindano ya mwisho ni ya kazi gani?

3. Mwenzi wa mzazi afanye nini, na asifanye nini?

4. Katika nyumba hii, ni nani atakayeitwa, ni chombo gani kitakachokuja, na fedha ziko wapi?

Nyumba iwezayo kulijibu swali la nne leo imekwisha kumpunguzia binti yao mzigo mkubwa. Na mama mkwe aliyepata kuogopa zamani asione haya kumwambia. Huenda neno hilo moja, lililosemwa jikoni usiku, ndilo litakalomfikisha kliniki asubuhi.